Anayeuawa siye anayeambiwa: ugaidi ni nini, na unatofautianaje na ukatili mwingine?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya Kinondoni. Ilikuwa imepita saa nne na nusu asubuhi madirisha ya darasa yalipotikisika kwa mshindo ambao mwalimu wetu wa hisabati alidhani ni tangi la mafuta lililolipuka barabarani, naye akatuamuru tukae chini tuendelee na kazi. Mchana ndipo tulipopata habari kwamba uliolipuliwa ni ubalozi wa Marekani, uliokuwa Barabara ya Laibon, na jioni redio ikatangaza kuwa asubuhi ile ile ubalozi wa nchi hiyo uliokuwa katikati ya jiji la Nairobi ulilipuliwa pia.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu neno ugaidi limekuwa likitumika humu kwa kila jambo linalotutisha: ujambazi wa kutumia silaha, wizi wa mifugo, vurugu za uchaguzi, hata ugomvi wa wanasiasa. Naamini tukilitumia hivyo tunashindwa kuelewa waliokufa siku ile walitendewa nini hasa, na tunawapa wenye mamlaka neno lisilo na mipaka ambalo wanaweza kumvisha yeyote wamtakaye.

Tuanze na hesabu ya siku hiyo, kwa kuwa ndani yake kuna jibu. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mmarekani. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki walikuwa Wakenya: wafanyakazi wa ubalozi, abiria waliokuwa kwenye mabasi katika Barabara ya Haile Selassie, wapita njia, na watu waliokuwa ndani ya jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, ambalo liliporomoka lote. Humo kulikuwa na chuo cha makatibu muhtasi. Majeruhi walikuwa maelfu, na wengi wao waliumia macho, kwa sababu kabla ya bomu kubwa kulitokea kishindo kidogo getini, watu wa maofisi ya karibu wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na vioo vikawapasukia usoni. Chini ya kifusi cha Ufundi kulikuwa na mama mmoja aliyezungumza na waokoaji kwa siku kadhaa, nchi nzima ikimwombea, akafariki kabla hawajamfikia.

Sasa jiulize: mama yule aliwakosea nini al-Qaeda, waliotega mabomu yale? Hawakumjua, na wala hawakuwa na haja ya kumjua. Madai yao yalihusu majeshi ya Marekani nchini Saudi Arabia, na tarehe waliyoichagua ilitimiza miaka minane tangu majeshi hayo yaanze kupelekwa huko, 7 Agosti 1990. Matamko ya kudai kuhusika yalitumwa kwa faksi kwa vyombo vya habari. Aliyekuwa anaambiwa ni serikali iliyoko Washington, pamoja na kila mtu duniani ambaye angeiona picha ya moshi ule. Aliyeuawa ni karani wa Nairobi na dereva wa gari la maji wa Dar es Salaam. Umbali huu kati ya anayeuawa na anayeambiwa ndio, kwa maoni yangu, unaoutenga ugaidi na karibu kila ukatili mwingine tunaoujua. Mauaji hufanywa kuwa barua, na miili ya watu wasiohusika ndiyo karatasi yake.

Linganisheni na Panya Road, magenge ya vijana waporaji. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka jioni moja ya mwanzoni mwa Januari 2015, uvumi ulipozagaa kwamba vijana wenye mapanga wamevamia mitaa: watu walifunga maduka na kukimbia, na mitaa ikawa mitupu kabla ya saa tatu usiku. Hofu ilikuwa kubwa, pengine kubwa kuliko iliyoletwa na mashambulizi kadhaa ya kigaidi. Hata hivyo Panya Road hawakuwa magaidi. Walitaka simu, pochi na televisheni. Kama mngewakabidhi mali bila kuwaogopa, wangeondoka wameridhika. Hofu kwao ilikuwa njia ya kurahisisha wizi. Gaidi akilipua soko na mtu yeyote asiogope, asiandike, asizungumze na asibadili lolote, ameshindwa hata kama ameua mia. Kwake hofu ndiyo bidhaa yenyewe.

Hapa lugha yetu inachangia kutuchanganya kidogo. Gaidi katika matumizi ya zamani ni mnyang'anyi au jambazi wa kawaida, na wazee wengi bado wanalitumia hivyo. Maana ya kisiasa ililikuta neno likiwa na kazi nyingine, ndiyo maana mtu akisema "magaidi wametuvamia" si rahisi kujua kama anazungumzia wezi wa ng'ombe au al-Shabaab. Wenye lugha zilizotoka Ulaya nao wana mkanganyiko wao: neno wanalolitumia lilizaliwa katika Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793 na 1794, kueleza kipindi ambacho serikali yenyewe iliwatisha raia wake kwa kuwakata vichwa. Lilipoanza, lilikuwa jina la kazi ya dola.

Sheria zimejaribu kuweka mipaka. Umoja wa Mataifa haujafanikiwa hadi leo kupitisha mkataba mmoja wenye tafsiri ya jumla, ingawa kamati ya kazi hiyo iliundwa mwaka 1996. Kuna mikataba ya vipengele, na ule wa mwaka 1999 unaozuia ufadhili wa ugaidi una maneno ninayoyaona kuwa safi kuliko mengine: unazungumzia kitendo kilichokusudiwa kumuua au kumjeruhi vibaya raia, au mtu mwingine asiyeshiriki mapigano, pale ambapo lengo la kitendo hicho, kwa asili yake au mazingira yake, ni kuwatisha wananchi au kuilazimisha serikali au taasisi ya kimataifa ifanye jambo au iache kulifanya. Tazameni yaliyomo: raia, kusudi, kutisha, kulazimisha. Dini ya mtendaji haimo, wala kabila lake, wala aina ya silaha aliyotumia.

Kwa kipimo hicho mambo mengi yanajipanga yenyewe. Waliouawa kwa sababu ya ualbino waliuawa ili viungo vyao viuzwe. Ni unyama, lakini hakuna serikali iliyokuwa inalazimishwa chochote. Polisi waliouawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012, waliuawa na wezi wa mifugo ambao polisi hao walikuwa wakiwafuatilia. Mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 yalitumia hofu kila siku, ila kusudi halikuwa kumpelekea mtu ujumbe. Kusudi lilikuwa kuwamaliza Watutsi. Huko anayeuawa ndiye hasa anayelengwa, na ndiyo sababu neno ugaidi ni dogo mno kwa jambo lile. Kuna watu wanadhani kukataa kuita kitu ugaidi ni kukipunguzia uovu. Ugaidi haukai juu kabisa kwenye ngazi ya maovu. Ni aina moja ya uovu, na yapo maovu mengine yanayouzidi.

Lililo gumu zaidi ni vita vya ukombozi. Usemi kwamba gaidi wa huyu ni mpigania uhuru wa yule umerudiwa mpaka umekuwa kama methali, nami siukubali, kwa sababu unachanganya maswali mawili: mtu anapigania nini, na anapigana vipi. Waingereza waliwaita Mau Mau magaidi tangu hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Na marufuku dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003. Nelson Mandela naye aliondolewa katika orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi Julai 2008, akikaribia kutimiza miaka 90. Jina lilipachikwa na mwenye nguvu, hilo ni kweli. Lakini uhaki wa madai hausafishi kila kitendo kinachofanywa kwa ajili yake.

Chukueni usiku mmoja tu, wa tarehe 26 Machi 1953. Kundi moja la wapiganaji wa Mau Mau lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua silaha na kuwafungulia mahabusu. Usiku huo huo kundi jingine liliingia Lari, likachoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali, na zaidi ya watu 70 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Ni harakati moja, sababu moja, usiku mmoja. La Naivasha ni tendo la vita vya msituni dhidi ya dola yenye silaha. La Lari, kwa kipimo nilichokitaja, ni ugaidi. Na kulipiza kisasi kulikofuata, ambako askari wa serikali na walinzi wa nyumbani (Home Guard, wenyeji waliopigana upande wa serikali) waliwaua watu wengi bila kesi wala ushahidi, kulikuwa na kusudi lile lile la kuwatisha walio hai. Nawaomba mnisahihishe pale nilipokosea.

*

Mchangiaji kutoka Limuru:

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini, nami ninatoka si mbali na Lari, kwa hiyo niruhusu nipunguze wepesi wa maelezo yako. Habari ya Lari ilianza kabla ya Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka Tigoni ili ardhi yao iwe ya walowezi, ikawapa Lari badala yake. Chifu Luka aliukubali uhamisho huo na watu wake wakapata ardhi, huku wengine walioukataa wakibaki bila kitu. Chuki ile ilikaa zaidi ya miaka kumi. Usiku wa Machi waliochomewa hawakuchaguliwa kama abiria wa basi la Nairobi. Walijulikana kwa majina, nyumba kwa nyumba, na waliowashambulia walikuwa majirani zao. Je, hicho si kisasi cha ardhi zaidi ya ugaidi? Sisemi kilikuwa halali. Watoto hawakugawa ardhi. Nasema kipimo chako kinataka asiyehusika afe ili mwingine aambiwe, na Lari aliyekufa na aliyeambiwa walikuwa karibu sana.

*

Mwanzisha uzi:

Ahsante sana, ndugu yangu wa Limuru. Umenionyesha mahali ambapo nilikata kona. Nakubali kwamba Lari kulikuwa na madeni ya ardhi yaliyolipwa kwa moto, na kwamba tendo moja linaweza kubeba nia mbili. Ninachobaki nacho ni hiki: mwanamume aliyelengwa kwa jina, kama chifu, huenda aliuawa kwa kisasi au kwa kuhesabiwa adui, lakini mkewe na mtoto wake waliuawa ili kila mwanamume mwingine wa Kiambu aliyekuwa anafikiria kujiunga na walinzi wa nyumbani aone yatakayoipata nyumba yake. Hapo anayeambiwa ni yule ambaye bado hajaguswa. Kipimo kinafaa kutumiwa kwa kila kitendo peke yake, hata ndani ya usiku mmoja na boma moja, kuliko kuliita tukio zima kwa jina moja. Hilo nimejifunza kwako.

*

Mchangiaji kutoka Rufiji:

Wakuu, naomba tuliangalie jambo la huku kwetu. Kati ya mwaka 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliuawa zaidi ya watu 30: polisi, wenyeviti na watendaji wa vijiji na vitongoji, na makada wa chama tawala. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja eneo la Jaribu. Kwa muda mrefu viongozi waliwaita wauaji "wahalifu" tu. Nilimwona mzee mmoja wa kijiji akirudisha muhuri wa serikali ya kijiji, akisema hautaki tena ndani ya nyumba yake. Kwa maelezo yako huyo mzee ndiye aliyekuwa anaambiwa. Lakini hakukuwa na faksi iliyotumwa, na mnyonge wa kawaida hakujua wanataka nini. Je, ugaidi usio na tamko ni ugaidi?

*

Mwanzisha uzi:

Kaka, pole kwa yaliyowapata. Mfano wa muhuri unaeleza kuliko aya zangu zote. Kuua kiongozi mmoja wa kijiji baada ya mwingine hadi nafasi hiyo ikose mtu wa kuishika ni ujumbe ulio wazi kabisa, hata usipoandikwa. Tamko husaidia kuthibitisha kusudi mahakamani, halilitengenezi kusudi. Askari wale 8 ni suala lenye ubishani zaidi, kwa sababu polisi mwenye silaha akiwa kazini hayuko sawa na mtendaji wa kijiji aliyeuawa mbele ya watoto wake, na wapo wataalamu wanaohesabu shambulio dhidi ya askari kuwa uasi. Sheria zetu hazifanyi tofauti hiyo, lakini sisi tunaojadili tunaweza kuifanya bila kumwacha muuaji yeyote aponyoke, kwa kuwa kuua kunabaki kuua.

*

Mchangiaji, mwanasheria, Dar es Salaam:

Wanajukwaa, mjadala huu umekuwa wa adabu, nami naongeza upande wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, Uganda ina yake ya mwaka huo huo, na Kenya ilipitisha yake mwaka 2012, baada ya muswada wa mwaka 2003 kupingwa vikali, hasa na Waislamu wa Pwani walioona kwamba unawalenga wao. Sheria ya Tanzania na ya Kenya zina kifungu ambacho watu wengi hawakijui: kitendo kinachovuruga huduma katika maandamano, malalamiko au mgomo si ugaidi, maadamu hakikukusudiwa kuleta madhara yaliyotajwa, kama vile kuua au kujeruhi. Aliyeandika kifungu hicho alijua hatari iko wapi.

Na hatari ipo. Kosa la ugaidi Tanzania Bara halina dhamana, kwa hiyo hati ya mashtaka peke yake ni kifungo. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa mwaka 2014 waliachiwa Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, alikaa mahabusu zaidi ya miezi saba kwa mashtaka ya ugaidi, nayo yakafutwa tarehe 4 Machi 2022. Katika kesi zote mbili mahakama haikufikia hukumu, na siwezi kuwasemea majaji. Naweza kusema kwamba mtu aliyepoteza miaka saba ya maisha yake na kisha akaambiwa nenda nyumbani anastahili kuuliza neno lile lilikuwa na uzito gani lilipoandikwa.

Kuhusu ukombozi, Afrika ilishajibu. Mkataba uliopitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Algiers Julai 1999, karibu mwaka mmoja baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, unasema katika ibara ya tatu kwamba mapambano ya watu dhidi ya ukoloni, ukaliaji wa ardhi na utawala wa kigeni, hata ya silaha, si ugaidi. Wengi huishia hapo. Aya inayofuata ya ibara hiyo hiyo inasema kwamba sababu za kisiasa, kiitikadi, kikabila, kidini au nyinginezo haziwezi kuwa utetezi wa kitendo cha kigaidi. Ndiyo Naivasha na Lari zako, ndugu mwanzisha uzi, katika ibara moja. Na kwa wale wanaouliza kama dola nayo inaweza kutenda haya: sheria ya vita inakataza kwa jina lake vitendo ambavyo lengo lake kuu ni kueneza hofu miongoni mwa raia, na Jenerali Stanislav Galić wa jeshi la Waserbia wa Bosnia alitiwa hatiani kwa kosa hilo hilo kwa jinsi majeshi aliyoyaongoza yalivyowapiga risasi na mizinga raia wa Sarajevo. Alihukumiwa kifungo cha maisha katika rufaa mwaka 2006.

*

Mchangiaji kutoka Garissa:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimesoma bila kuandika tangu asubuhi. Huku kwetu hatuhitaji tafsiri ili kuujua ugaidi. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilipoteza watu 148, karibu wote wanafunzi. Nataka tu niongeze jambo moja kuhusu anayeambiwa.

Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wanarudi kwao likizo. Dunia ilidhani ujumbe ule ni wa serikali na wa Wakristo. Sisi tuliobaki tulijua kwamba ulikuwa wetu pia, na labda wetu zaidi: tulikuwa tunaambiwa kwamba kuanzia siku ile jirani yako asiye wa dini yako si mtu wako, na kwamba uhai wako umenunuliwa kwa wake. Walimu wengi walikataa kurudi, na darasa za watoto wetu zikakaa bila walimu.

Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine, hili likitoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak, wakataka abiria wagawanyike vile vile. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wameshawapa wenzao mitandio ya kujifunika. Abiria wakakataa kutengana, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walikufa katika shambulio lile, lakini mgawanyo waliouagiza haukufanyika, na wakaondoka. Salah Farah, mwalimu na Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi. Alifariki Nairobi Januari 2016, akiwa anafanyiwa upasuaji.